Nyerere: Miguu ya Butiama, mwenge wa thelujini

Wengi wanamkumbuka Mwalimu Julius Nyerere kwa siasa, na wapenzi wa michezo kwa bao. Lakini hata miguu yake haikuwa ya mchezo.

Alizaliwa Butiama Aprili 13, 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito. Mwaka 1934 alianza shule ya Mwisenge mjini Musoma, maili 26 hivi kutoka nyumbani. Huko Mara mtoto anajua mvua na upepo wa ziwani. Theluji ni habari ya kusimuliwa.

Hata hivyo, mwaka 1959, akiwa kiongozi wa TANU, aliliambia Baraza la Kutunga Sheria habari ya mwenge juu ya Kilimanjaro. Wazo zuri, lakini kulitimiza ilitaka mtu apande mita 5,895, tena Desemba, msimu wa vuli, ambapo mvua ya bondeni huwa theluji kileleni.

Theluji mpya si ya kuiamini. Inafunika barafu inayoteleza na mawe yaliyolegea. Upepo huirundika upande mmoja, na kama haijashikana na ile ya chini, inaweza kuporomoka. Jua likipanda, barafu iliyoshikilia mawe nayo inaachia. Ndiyo maana wapandaji wa Kibo huondoka usiku wa manane, changarawe ikiwa imeganda. Na mzoefu akiona mambo siyo, anageuza. Kilele hakihami.

Kazi hiyo alipewa Luteni Alexander Nyirenda. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, bendera na mwenge vilifika pale panapoitwa leo Kilele cha Uhuru. Mwalimu alikuwa Dar es Salaam kwenye sherehe. Wazo lilikuwa lake, hatari ikabebwa na miguu ya mwingine.

Mwaka 1967 ikawa zamu yake. Vijana walitembea kuunga mkono Azimio la Arusha, na mmoja wao, Seti Benjamin, akafia njiani. Rais angeweza kubaki Ikulu na kutuma salamu. Oktoba akaondoka Butiama kwa miguu, akapita Bunda mpaka Mwanza, maili 138, akiwa na miaka 45.

Alifariki London Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama. Mbio za Mwenge zikifika Mara, watu hukimbilia kuuona moto. Wakumbuke na miguu.