Johannes Hevelius: Mpika Bia Aliyeuchora Mwezi

Katika ukurasa wetu wa wasifu, hebu safari hii tuinue macho juu. Hapa Voi umeme ukipotea usiku wa mwezi mpevu, hakuna anayelalamika sana. Uwanja unang'aa, Mlima Sagalla unaonekana wote, na watu wanapiga soga nje mpaka usingizi uwashike. Kila mmoja wetu ameutazama mwezi. Lakini ni wangapi tumeuchunguza? Leo nawaletea habari za mtu aliyeuchunguza usiku baada ya usiku, bila kuwa profesa wala mwajiriwa wa chuo chochote. Jina lake ni Johannes Hevelius.

Hevelius alizaliwa tarehe 28 Januari 1611 katika mji wa bandari wa Danzig, ambao leo unaitwa Gdańsk, nchini Poland. Baba yake, Mzee Abraham, alikuwa mpika bia mwenye mali, na kama wazazi wengi alitaka mwanawe arithi biashara. Lakini shuleni kijana alikutana na mwalimu mmoja, Peter Krüger, aliyemfundisha hesabu na elimu ya nyota. Mkono wake nao ulizoea kutengeneza vyombo na kuchonga michoro juu ya shaba. Kumbe kazi hizo za mikono zingemfaa kuliko alivyodhani!

Mwaka wa 1630 alikwenda Leiden, Uholanzi, kusomea sheria, kisha akatembelea London na Paris. Aliporudi nyumbani mwaka wa 1634 aliingia katika biashara ya bia, na mwaka uliofuata akamwoa Katharina Rebeschke. Walimu wetu wasishtuke. Simsifu kwa ajili ya pombe! Lakini ukweli ni kwamba hiyo bia ndiyo iliyolipia darubini.

Mwaka wa 1639 Mwalimu Krüger alikuwa mgonjwa mahututi. Kabla ya kufariki alimsihi mwanafunzi wake asiiache elimu ya nyota. Maneno hayo yalimwingia Hevelius. Mwaka wa 1641 alianza kujenga mahali pa kutazamia nyota. Unafikiri alijenga wapi? Juu ya mapaa ya nyumba zake mwenyewe! Mchana alishughulikia bia na mambo ya mji, usiku akapanda juu na darubini zake.

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kuuchora mwezi. Hapa nieleze jambo moja ambalo wengi hatulijui. Mwezi ukiwa mpevu, darubini haikuonyeshi milima yake vizuri, kwa sababu jua linaupiga usoni na hakuna vivuli. Ni kama Sagalla saa sita mchana: kivuli chake ni kidogo mno. Lakini jioni jua likishuka, hata kichuguu kinatupa kivuli kirefu. Basi, mwezini pia ni hivyo hivyo. Milima na mashimo hujitokeza pale mwanga unapopakana na giza, na mpaka huo husogea kila usiku. Ndiyo maana Hevelius hakuweza kuchora picha moja akamaliza. Ilibidi arudi kila usiku usio na mawingu, achore kipande kilichojitokeza, kisha angoje kingine. Kwa vivuli hivyo alikadiria pia urefu wa milima ya huko.

Aligundua vilevile kwamba mwezi huyumba kidogo, hivyo pembeni mwake tunaona leo sehemu ambayo jana ilijificha. Ndiyo sababu, tukijumlisha, sisi wa duniani tunaweza kuona kama asilimia 59 ya uso wake badala ya nusu tu.

Kazi hiyo ilimchukua miaka ipatayo minne. Michoro aliichonga mwenyewe kwenye shaba, ili mkono wa mtu mwingine usiharibu kile jicho lake lilichoona. Mwaka wa 1647 alichapisha kitabu chake, Selenographia, chenye ramani za mwezi bora kuliko zote zilizotangulia. Majina ya mahali aliyatoa duniani. Safu moja ya milima aliiita Apenini, kama milima ya Italia, na nyingine Alpi. Miaka minne baadaye padri mmoja Mwitalia, Riccioli, alitoa ramani yake na majina mapya, na mengi ya Hevelius yakasahaulika. Lakini Apenini na Alpi yamebaki mpaka leo. Na Riccioli hakuwa mchoyo: shimo moja kubwa karibu na ukingo wa magharibi wa mwezi aliliita Hevelius.

Sasa tufike kwenye majaribu, maana hakuna maisha yasiyo na majaribu. Baada ya mwezi, Hevelius aligeukia nyota, akitaka kupima mahali pa kila moja. Katika vipimo hivyo alitumia vyombo vikubwa, lakini alilenga nyota kwa macho matupu, bila lenzi. Mwaka wa 1674 mwanasayansi wa London, Robert Hooke, alimshambulia hadharani. Hooke alishikilia kwamba mtu asiyetumia lenzi hawezi kupata vipimo vya kuaminika. Fikiria uchungu wake: ana zaidi ya miaka 60, halafu mtu aliye mbali, ambaye hajagusa vyombo vyake, anasema kazi yake si kitu!

Jambo hili si geni kwetu Taita Taveta. Mwaka wa 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipita huku, akaiona theluji ya Kilimanjaro. Wataalamu fulani wa London walimcheka, ati theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Walikuwa wamekaa vitini. Yeye alikuwa amekuja kwa miguu.

Hevelius alijibu vipi? Aliwafungulia mlango. Mwaka wa 1679 kijana Edmond Halley, aliyekuwa na umri wa miaka 22, alisafiri hadi Danzig kwenda kujionea. Kwa wiki kadhaa walipima nyota pamoja, mzee kwa macho matupu, kijana kwa chombo chenye lenzi. Halley alistaajabu. Tofauti zilikuwa ndogo sana, naye akashuhudia kwa maandishi kwamba vipimo vya mzee ni vya kuaminika. Tusidanganyane, baadaye njia ya lenzi ndiyo iliyoshinda, na Hooke hakukosea kuisifu. Alichokosea ni kuhukumu kazi ambayo hakuikagua.

Lo! Furaha hiyo haikudumu. Tarehe 26 Septemba 1679, miezi michache tu baada ya Halley kuondoka, moto uliteketeza nyumba za Hevelius. Vyombo alivyovitengeneza kwa miaka mingi viliungua, pamoja na vitabu. Nakala nyingi za kitabu kilichokuwa kimetoka mwaka huo huo zikawa majivu. Kilichookolewa ni pamoja na orodha yake ya nyota iliyoandikwa kwa mkono. Alikuwa na miaka 68. Wengi wetu tungekata tamaa. Yeye alijenga upya, akisaidiwa na mfalme wa Poland, Jan wa Tatu Sobieski, na kabla ya miaka miwili kupita alikuwa tena juu ya paa.

Hakuwa peke yake. Katharina alikuwa amefariki, na mwaka wa 1663 Hevelius alimwoa Elisabeth Koopmann, aliyejifunza kazi ya nyota akawa mshirika wake kamili. Hevelius alifariki tarehe 28 Januari 1687, siku aliyotimiza miaka 76. Elisabeth hakuiacha kazi ife. Mwaka wa 1690 alichapisha ile orodha, yenye nyota zaidi ya 1,500. Wasichana wa shule yetu, mmesikia?

Je, ramani za mpika bia zinatuhusu nini leo? Mwaka wa 1966 na 1967 Wamarekani walituma vyombo viitwavyo Lunar Orbiter vizunguke mwezi na kupiga picha, ili wachague pa kutua. Mwezi wa Julai 1971 wanaanga wa Apollo 15 walitua chini ya milima ile ile ya Apenini. Kilele chake kirefu zaidi hufikia kama mita 5,500, wakati Vuria yetu ina mita 2,208. Tangu mwaka wa 2009 chombo kingine, LRO, kimepiga picha kali zaidi, hata alama za magurudumu ya gari la Apollo 15 zinaonekana.

Nalo shimo la Hevelius? Tarehe 3 Februari 1966 chombo cha Warusi, Luna 9, kilitua si mbali sana nalo, kikiwa cha kwanza kutua mwezini salama. Kilikuwa kidogo, kipenyo kama sentimita 58, na mahali penyewe hapakujulikana kwa usahihi. Kwa miaka mingi watu, wengine wakiwa majumbani mwao, wamezichambua picha za LRO wakikitafuta. Picha hizo hutolewa bure. Mwaka wa 2019 injinia mmoja wa Chennai, India, alitumia muda wake wa nyumbani kulinganisha picha za kabla na za baada ya chombo cha India, Vikram, kuanguka mwezini. Aliona doa ambalo halikuwapo mwanzo, akawaandikia wenye picha. Walikagua, na Desemba mwaka huo wakatangaza kwamba ni kweli.

Wenzangu, mnaona? Hakuna aliyemuuliza injinia yule cheo chake. Walikagua picha, kama Halley alivyokagua vipimo. Hatuna chombo kinachozunguka mwezi, wala hatuna kiwanda cha bia (na mwalimu mkuu asingekubali!). Lakini tunayo macho, penseli na daftari, na anga la Voi ambalo miezi mingi halina mawingu. Usiku wa leo chora ule mpaka wa mwanga na giza, kesho uchore tena, uandike tarehe. Akitokea wa kukucheka, mwonyeshe daftari.

Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata.