Munganga Duchenne, mutu wa kisanduku cha kuranti

Mwezi huu zamu ya kuandika maisha ya mutu mukubwa ni yetu, sisi wa bio-kimia. Sababu ya kuchagua huyu ni nkambo wa mwenzetu mmoja. Ana ugonjwa wa sukari, yaani diabete. Usiku miguu inamuwaka sawa moto, lakini mchana hasikii kitu: siku moja alikanyaga kaa la mbabula, akajua tu kwa harufu. Kisha mutu fulani akakuja kumuambia kwamba kuna mashini ndogo ya kuranti inayoponyesha mishipa ya fahamu. Bei ni kali, watoto wachange. Tukajiuliza, mambo hayo yalianza wapi? Ndipo tukamukuta Duchenne.

Guillaume Duchenne alizaliwa Boulogne-sur-Mer, bandari ya Ufaransa, tarehe 17 Septemba 1806. Baba yake alikuwa mutu wa bahari, akataka kijana naye aende baharini. Kijana akakataa, akaenda Paris kusoma uganga. Alimaliza mwaka 1831, akarudia kwao.

Huko taabu ilimungojea. Mwaka 1833 bibi yake alikufa kisha kuzaa mutoto mwanaume. Mama mukwe akamutupia kosa, habari ikatembea mji muzima, na mutoto, Émile, akalelewa mbali na baba yake miaka mingi. Sisi hapa Lubumbashi tunajua namna maneno ya kilio yanavyoweza kupasua jamaa.

Katika upweke ule alianza kujaribu kuranti. Kuranti ya kuponya haikuwa kitu kipya. Waroma wa zamani waliweka samaki wa baharini mwenye kupiga ganzi juu ya mwili wa mutu mwenye maumivu. Hata mito yetu ya Kongo ina kambale wa namna ile, anayeweza kutoa volti 300 na zaidi. Wavuvi hawamushiki ovyo! Lakini wakati wa Duchenne waganga walikuwa wakichoma sindano ndani ya nyama, kisha kupitisha kuranti. Yeye akaona hakuna lazima ya kutoboa mutu. Ngozi ikiwa kavu, kuranti inabaki juu juu. Ngozi na kifaa vikiloweshwa maji, inapenya mpaka kwenye musuli ulio chini yake, na musuli ule peke yake unaruka. Kwa njia hiyo alijua kazi ya kila musuli kwa mutu muzima, si kwa maiti.

Mwaka 1842 alirudia Paris. Hakuwa profesa, hakuwa na kazi ya serikali katika hospitali hata moja. Alibeba kisanduku chake, akatembea hospitali kwa hospitali kila asubuhi, akiuliza ruhusa ya kuona wagonjwa. Wengine walimucheka, juu ya usemi wake wa kikwao na kisanduku chake. Hakuacha. Mugonjwa akihamishwa, alimufuata mpaka kule. Mwaka 1855 alitoa kitabu juu ya kazi ile ya kuranti, na mwaka 1862 kingine chenye picha za sura za watu. Mzee mmoja asiyesikia maumivu usoni ndiye alipigwa kuranti ili musuli wa kucheka uonekane. Duchenne aliona kwamba kicheko cha kweli kinakaza hata musuli wa kuzunguka macho. Darwin alitumia picha zile katika kitabu chake cha mwaka 1872.

Tunaona jambo moja linalomuhusu nkambo. Duchenne aliandika sana juu ya wagonjwa wasiosikia tena miguu yao: wanatembea wakiangalia chini, giza ikiingia wanaanguka. Ule wa kwao ulitoka kwa kaswende, si sukari. Lakini sukari nyingi ya miaka mingi nayo inaharibu mishipa ya fahamu, ikianzia nyayo, na inaweza kuleta hali kama ile.

Na mashini? Mwaka 1965 Melzack na Wall walieleza kwamba mishipa ya mugusano ikiamshwa, inaweza kufungia maumivu mlango katika uti wa mgongo. Toka hapo zikatokea mashini ndogo za kubandika juu ya ngozi. Kwa wengine zinapunguza maumivu ya diabete, si kwa wote, na mshipa uliokufa haziufufui. Tena mguu usiosikia unaweza kuungua na kuranti bila mwenyewe kujua. Mwaka 2021 Marekani iliruhusu nyingine, inayowekwa karibu na uti wa mgongo kwa upasuaji, juu ya maumivu ya diabete; ile haiuzwi barabarani.

Émile alikuwa amerudi kwa baba yake, naye akawa munganga, wakafanya kazi pamoja. Kisha tifoide ikamuua kijana. Baba alifuata mwezi wa Septemba 1875, kwa damu kupasuka ndani ya kichwa. Charcot, profesa mwenye jina kubwa Paris, alimuhesabu kuwa mwalimu wake.

Nkambo hakununua mashini. Dawa zake za sukari anakunywa, na kila jioni mwenzetu anamuoshea miguu, anaangalia nyayo na katikati ya vidole kwa taa. Juma lililopita alikuta kidonda kidogo, wakaenda kwa munganga siku ile ile.