TUMKUMBUKE APOLO KIVEBULAYA

Ndugu wakimbizi, na ninyi wafanyakazi wa mashirika, katika toleo hili tunamkumbuka Kanoni Apolo Kivebulaya, Mganda aliyebatizwa mwaka 1895. Mwaka 1896 alikwenda kuhubiri Mboga, ambako leo ni Kongo. Huko alipigwa, akafungwa. Alipoachiliwa, akarudi kulekule.

Wakristo wa Uganda wakati ule waliitwa wasomaji, kwa maana kusoma na kusali vilifundishwa pamoja. Mtu alijifunza herufi ili aisome Injili mwenyewe, kisha aitumie katika sala zake. Apolo alipoona Wambuti wa msituni hawana kitabu kwa lugha yao, aliwatafsiria Injili ya Marko. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kazi isonge mbele.

Sisi tulio hapa Kamembe, wengi tulikimbia bila Biblia. Basi mwenye nayo awasomee jirani mistari michache kila asubuhi, polepole, mara mbili. Asiyejua kusoma aishike kichwani, na jioni airudie na watoto wake kama sala. Neno lililo kichwani haliachwi njiani.