Mzee Ojwang' hakuwa Mjaluo, na bado ziwa lilimwita jaduong'

Cheki, ukiwahi kufika Luanda Kotieno, pale barabara ya Uyoma inaishia na maji yanaanza, utangoja feri ya kukuvusha hadi Mbita. Na huko kungoja si mchezo. Kuna mamathe wanaanika omena, kuna makanga wa matatu za Bondo na Kisumu wanapiga kelele, na kuna vijana wamekalia mizigo wakipitisha simu moja mkono kwa mkono. Usishtuke ukisikia sauti inayotoka kwa hiyo simu si gengetone wala msee wa TikTok wa juzi. Ni buda mmoja anakorofishana na bibi yake kwa Kiswahili kizito cha Nyanza, picha imechakaa kama kaseti iliyomwagikiwa chai. Hiyo ni Vitimbi. Na huyo buda ni Mzee Ojwang' Hatari.

Sasa shika hii. Jina lake kamili nje ya TV lilikuwa Benson Wanjau. Mkikuyu. Si wa Uyoma, si wa Asembo, si wa Gem, si wa Seme. Na mpaka siku alipoaga, 12 Julai 2015, kuna wasee kibao kwa hii nchi, hadi huku ziwani, walikuwa tayari kuapa kwamba ocha yake iko mahali fulani nyuma ya Bondo.

Wanjau alizaliwa 1937. Piga hesabu: serikali ya mkoloni ikitangaza hali ya hatari Oktoba 1952, yeye alikuwa kijana wa miaka kama 15, Mkikuyu, kwa ile miaka mibaya kabisa ya kuwa kijana Mkikuyu. Halafu baadaye Kenya nzima ikaja kumjua kwa jina Hatari, na kazi ya hiyo hatari ikawa kuchekesha watu. TV yenyewe ilifika Kenya 1962, chini ya kituo kilichokuja kuitwa Voice of Kenya, kile unachokijua sai kama KBC. Kwa hivyo huyu si msee aliyekua akiangalia TV. Ni msee aliyeikuta ukubwani, akaingia ndani yake, na akakaa huko zaidi ya miaka 30: Vitimbi, Vioja Mahakamani, Darubini, Kinyonga.

Wewe uliyekua na Netflix na bundles, wacha nikupe picha. Hadi 1990, KTN ilipoanza, Kenya ilikuwa na kituo kimoja tu cha TV. Kimoja. Kama hupendi, zima ukalale. Huku ziwani TV ilikuwa ndogo, rangi yake nyeusi na nyeupe, nyingi zilikuwa zile za Great Wall, na stima hakukuwa, kwa hivyo ililishwa na betri ya gari. Mtu mmoja wa nyumba, kawaida yule mdogo, alitumwa nje azungushe nguzo ya antena huku wenye wako ndani wakimpigia kelele arudi kidogo, aende kidogo, awache hapo hapo. Betri ikianza kuisha picha inajikunja kutoka kando, na kila mtu anaomba kipindi kiishe kabla haijazima. Mnaangalia watu ishirini kwa keja ya mtu mmoja. Wavuvi wa omena pia. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hivyo mwezi ukiwa mpevu wengi hawaingii majini, na msee hana budi kutafuta kitu cha kufanya.

Najua kuna mtu atasema hiyo ndiyo siri yote: watu walimpenda Ojwang' juu hawakuwa na lingine la kuangalia. Zii. Kituo kimoja kilimpeleka sebuleni, hilo nakubali. Lakini kituo hicho hicho kilirusha vipindi vya ukulima, hotuba, na michezo mingine mingi ya kuigiza ambayo leo hata ukilipwa huwezi kuitaja. Ni michache tu iliyobaki midomoni mwa watu: Tushauriane, Tausi, Vioja, Vitimbi. Kama ni ukosefu wa chaguo ndio ulifanya watu wacheke, basi siku simu zilipokuja na video za dunia nzima, Ojwang' angezikwa hapo hapo. Haikuwa hivyo.

Kilichombakisha ni mdomo wake, na hapa nataka tukae kidogo.

Kuiga lafudhi ya kabila lingine Kenya ni mchezo wa kila mtu. Uko darasani, uko kwa matatu, kila msee anaweza kukufanyia Mkamba, Mluhya, Mkisii. Wengi huishia kwa sauti mbili tatu na hapo ndio basi. Lakini angalia kazi iliyokuwa mbele ya Wanjau. Dholuo haina sauti ya sh wala ya z, kwa hivyo mzee wa Kijaluo akibonga Kiswahili, shida inageuka sida na shamba linakuwa samba. Mkikuyu naye ana vita vyake mwenyewe, l na r zinabadilishana viti kila saa. Wanjau alilazimika kwanza kuvua ulimi wa nyumbani kwao, halafu avae wa kwingine, na asiwahi kujisahau katikati ya sentensi hata akiwa amekasirika, juu Ojwang' alikuwa mtu wa kukasirika. Na si sauti tu. Kuna ule mwendo wa maneno, ile kuvuta silabi ya mwisho kama mtu anayeteremsha nanga polepole. Waliozaliwa Uyoma walimsikiliza na hawakusikia mgeni. Sijui mtihani mwingine mgumu kuliko huo.

Halafu kuna mtu mwenyewe aliyemtengeneza. Ojwang' hakuwa mjinga wa kuchekwa. Alikuwa mzee mwenye maringo, kile Wajaluo wanaita nyadhi, mwenye kujiona mkubwa kuliko mfuko wake. Anatoa amri ambazo hakuna mtu anafuata. Anapanga mipango mikubwa, inamwangukia, na bado anatoka amenyoosha shingo. Anamfokea Mama Kayai na kila mtu anajua nani mwenye nyumba. Sasa niambie, huyo si fathe wako? Si mjomba wako yule ambaye kila Krismasi anapanga kununua lori? Ulikuwa unacheka, halafu unageuka pembeni unaangalia mzee wa hiyo boma kama ameelewa anayechekwa ni nani. Ucheshi wa namna hiyo hauchachi, maana hao wazee bado wako. Utampata mmoja hapo kwa feri akimpangia kapteni vile feri inafaa kuendeshwa.

Mama Kayai ni Mary Khavere, na hapana, hawakuwa mume na mke. Miaka yote walivyogombana kwa TV, watu waliwaoza wenyewe. Ukiangalia vile walikuwa wanakatizana maneno utaelewa kwa nini: huyo anajua huyu atasema nini kabla hajafungua mdomo, na anaanza kukasirika mapema. Hiyo hujifunzi kwa darasa. Ni miaka. Kando yao walipita akina Masanduku arap Simiti na Mogaka, na kule Vioja, kortini, akina Makokha na Ondiek Nyuka Kwota, kila mmoja na lafudhi ya upande wake wa nchi, wote wakichekwa kwa zamu. Hakuna kabila lililoachwa nje, na nafikiri hilo ndilo lililozuia watu kununa. Ukichekwa leo, ngoja dakika tano, jirani yako anaingia.

Lakini usidhani ilikuwa miaka ya kucheka tu. Siaya hii hii ndiko alikozikwa wakili S.M. Otieno, Mjaluo aliyeoa Mkikuyu, aliyefariki Desemba 1986. Mke wake, Wambui, alitaka azikwe karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukasema mwanaume wa Kijaluo anazikwa kwao. Kesi ikaenda korti mpaka rufaa, mwili uko mochari, nchi nzima imegawanyika kwa meza ya chakula, na mwishowe akazikwa Nyalgunga Mei 1987, miezi mitano baada ya kufa. Kwa magazeti, Mkikuyu na Mjaluo walikuwa ni watu wawili wasioweza kukaa nyumba moja hata wakiwa wameoana. Kwa TV, miaka hiyo hiyo ya themanini, Mkikuyu mmoja alikuwa anajenga jina kwa kuwa Mjaluo, na hakuna aliyemuuliza kitambulisho.

Kisha ikaja ile ngori ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Kisumu iliwaka, Naivasha iliwaka, watu walisimamishwa barabarani na kuulizwa lugha ya mama yao, na jibu lilikuwa uhai au kifo. Fikiria hiyo halafu fikiria Benson Wanjau, miaka kama 70 wakati huo, jina la nyumbani la upande mmoja na jina la kazi la upande mwingine. Siwezi kukwambia Vitimbi ilizuia panga hata moja. Haikuzuia. Ila kuna kitu kigumu kumeza hapo: tuliweza kumpenda mtu wa kabila lile miaka ishirini kwa sababu hatukujua ni wa kabila lile.

Mwisho wake haukuwa fiti. Macho yalianza kumtoka akiwa bado kwa kazi, mpaka ikawa ngumu kuendelea kuigiza. Miaka michache kabla ya kufa, habari zikatoka kwamba Mzee Ojwang', uso ambao ulikuwa kwa kila sebule, amesota na haoni. Wakenya wakafanya kile wanajua kufanya: wakachanga. Akatibiwa macho. Ilikuwa poa, na pia ilikuwa aibu, ukiniuliza mimi. Malalamiko ya waigizaji wa enzi zake ni yale yale: malipo madogo kwa kila kipindi, na kipindi kikirudiwa mara kumi, mfuko wao hausikii kitu. Msee amechekesha vizazi viwili halafu tiba ya macho yake inangoja harambee. Sasa angalia watu wa siku hizi wa YouTube, anapiga video moja ya kuiga mzee wa kijiji, inamlipia rent. Na huo mtindo wa buda wa mashambani mwenye maringo, ambao baadaye Papa Shirandula alikuja kutawala nao Citizen kuanzia 2007, ulikuwa umepitia kwa akina Ojwang' kitambo.

Alilazwa Hospitali ya Kenyatta, nimonia ikamchukua, miaka 78. Ilikuwa Jumapili. Hiyo Julai nchi ilikuwa busy kupaka rangi kando ya barabara, juu Obama alikuwa anakuja. Alitua Nairobi tarehe 24, siku 12 baada ya mzee kufa, na Kogelo ya babake Obama iko hapa hapa Siaya. Hebu ona huo mwezi: mtoto wa Siaya anafika akiwa rais wa Marekani, na mzee ambaye Siaya ilidhani ni wake anaondoka. Magazeti yalipoandika jina lake kamili, ndio wengi walisoma Wanjau mara ya kwanza. Kuna waliocheka. Kuna waliokataa kabisa, wakasema gazeti limekosea.

Hakuna aliyekasirika. Hiyo ndiyo bado inanishangaza. Angekuwa mwanasiasa amejificha nyuma ya jina la kabila lingine miaka 30, angeitwa mwizi. Ojwang' aliombolezwa huku ziwani kama jaduong' aliyeenda, na hata baada ya kujua, watu waliendelea kumwita Ojwang'. Wanaendelea. Wale vijana wa feri wenye simu moja wanajua yeye ni Mkikuyu, mmoja atakwambia hata kabla hujauliza, kwa raha ya mtu anayekupa risto ambayo huna. Halafu atarudi kucheka pale pale anapochekwa mzee wa Kijaluo, ambaye ni babu yake.

Kama angekuwa Ojwang' wa kweli, angeletwa nyumbani kwa msafara, usiku, magari na matarumbeta, na kaburi lingekuwa ndani ya boma lake upande huu wa ziwa. Alizikwa Lang'ata, Nairobi. Ukienda kumtafuta huko, ulizia Wanjau.