Maurice Richard: picha, damu na lugha ya watu wake

Picha ilipigwa Montréal, nchini Kanada, usiku wa tarehe 8 Aprili 1952. Aliyeipiga ni Roger St-Jean, mpiga picha wa gazeti la La Presse. Wanaume wawili wanapeana mkono. Mmoja ana bandeji juu ya jicho na damu inamchirizika usoni. Mwenzake, golikipa Jim Henry wa timu ya Boston, macho yake yamevimba na kuwa meusi, naye ameinama kidogo kama mtu anayemwamkia mkubwa wake. Aliyeinamiwa ni Maurice Richard, mchezaji wa hoki ya barafu. Mwenzangu wa Kitivo atauliza: mchezo wa nchi ya baridi unatuhusu nini sisi watu wa lugha? Maisha ya mtu huyu yanatoa jibu.

Richard alizaliwa Montréal tarehe 4 Agosti 1921, kifungua mimba katika familia ya watoto wanane. Baba yake alifanya kazi katika karakana za reli. Wakati wa baridi mto wa karibu na kwao uliganda, na watoto wakateleza juu yake kwa viatu vyenye makali ya chuma, wakikimbiza kwa magongo kisahani cha mpira. Maurice naye alishika kazi ya fundi wa mashine kama baba yake, huku akiendelea kucheza.

Mwanzo wake ulikuwa mbaya. Kati ya 1940 na 1942 alivunjika mara tatu, miguu na mkono, na jeshi likamkataa wakati wa vita kwa sababu ya mifupa hiyo. Wengi walidhani hatadumu. Lakini katika msimu wa 1944–45, akiichezea timu ya Canadiens ya Montréal, alifunga mabao 50 katika michezo 50. Kabla yake hakuna aliyekuwa amewahi kufanya hivyo katika ligi kuu.

Kwa kasi yake alipewa jina la utani la Kiingereza, Rocket, yaani roketi. Wasemaji wa Kifaransa walilipokea, wakaliwekea kibainishi chao mbele na kusema le Rocket. Sisi tunaotia viambishi vya Kiswahili kwenye maneno ya Kifaransa kila siku tunaifahamu njia hiyo: neno la mgeni likishavaa sarufi ya nyumbani, linakuwa la nyumbani.

Mji ule wakati huo ulikuwa na watu wengi wanaosema Kifaransa, lakini wenye viwanda na benki kwa sehemu kubwa walisema Kiingereza. Mtoto wa mfanyakazi alizoea kusikia Kifaransa jikoni na kanisani, na Kiingereza kwenye amri za kazini. Richard mwenyewe alipoingia Canadiens alijua Kiingereza kidogo tu. Kwa hiyo alipowashinda wengine uwanjani, watu wake waliona zaidi ya bao.

Usiku ule wa 1952 ulikuwa mchezo wa saba na wa mwisho wa nusu fainali. Richard aligongwa na mchezaji wa Boston, akaanguka na kuzimia. Walimtoa, wakamshona juu ya jicho. Alirudi barafuni katika kipindi cha tatu, timu zikiwa sare bao 1 kwa 1. Zikiwa zimebaki dakika chache, alichukua kisahani, akawapita walinzi na kufunga. Mchezo uliisha 3 kwa 1. Baadaye bao lenyewe hakulikumbuka vizuri. Picha ndiyo iliyokumbuka kwa niaba yake.

Picha ya pili ni ya Machi 1955. Siku ya 13, huko Boston, mchezaji mmoja alimpiga kwa gongo kichwani. Richard akalipiza kwa gongo lake, kisha akampiga ngumi mwamuzi msaidizi aliyemshika. Kosa lilikuwa kubwa, hilo hatulifichi. Rais wa ligi, Clarence Campbell, msemaji wa Kiingereza, alimfungia michezo yote iliyobaki ya msimu pamoja na ya mtoano. Watu wa Montréal hawakuona adhabu ya mchezaji mmoja. Waliona bosi akimwadhibu mtu wao. Siku ya 17 Campbell alikuja uwanjani. Alirushiwa mayai na nyanya, bomu la machozi likalipuka, mchezo ukavunjwa, na fujo zikaenea katika barabara ya Sainte-Catherine, vioo vya maduka vikavunjwa.

Kesho yake Richard aliketi mbele ya vinasa sauti, amevaa suti, uso umechoka. Kwa Kifaransa na kwa Kiingereza aliwaomba watu watulie na kuiunga mkono timu. Walitulia. Msimu ule alikosa kwa pointi moja taji la mfungaji bora, na katika misimu 18 hakulipata kamwe.

Kuanzia 1956 alikuwa nahodha, na Canadiens wakatwaa kombe miaka mitano mfululizo. Aliacha kucheza 1960, akiwa na mabao 544. Miaka ileile Québec ilianza mageuzi makubwa, na mwaka 1977 sheria iliweka Kifaransa kuwa lugha ya kazi, ya biashara na ya serikali. Wapo wanaosema yote yalianzia barabara ya Sainte-Catherine. Nadhani hilo limetiwa chumvi: sheria ya lugha hutokana na kazi ya miaka mingi ya walimu, wafanyakazi na wanasiasa. Richard mwenyewe alijiona mchezaji tu. Lakini hasira ya usiku ule ilionyesha kwamba suala la lugha lilikuwa pia suala la mshahara, la cheo na la heshima.

Alifariki tarehe 27 Mei 2000. Québec ilimfanyia mazishi ya kitaifa, na watu zaidi ya laki moja walipita mbele ya jeneza lake. Tutakapojadili sera ya lugha ya Québec darasani, tuanze na ile picha ya fundi wa mashine mwenye damu usoni, kisha tufungue kitabu cha sheria.