Mwalimu Aliyewapa Waamuzi Lugha ya Rangi

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi katika viunga vya Garsen, mechi moja ya kabumbu ilivunjika kabla ya kipindi cha kwanza kwisha. Mwamuzi alikuwa mwalimu, Mpokomo kama mimi, aliyekuja na suruali yake ya kazini na kipenga kilichoning'inia shingoni kwa uzi wa katani. Timu moja ilikuwa ya vijana wa mashamba ya kandokando ya Mto Tana. Ya pili ilikuwa ya vijana wa Kiorma walioacha ng'ombe malishoni kwa muda. Mchezaji mmoja wa Kiorma alimkwatua mwenzake kwa nyuma. Mwalimu akamwendea, akamwambia kwa Kiswahili cha haraka kwamba mchezo wake umekwisha. Kijana hakuelewa, akabaki amesimama. Mwalimu akarudia kwa sauti kubwa zaidi, mkono ukielekeza nje ya uwanja, na jamaa za kijana wakauona mkono ule kama wa mtu anayemfukuza mwenzake katika ardhi yake. Kufumba na kufumbua, mashabiki walikuwa wamejaa uwanjani na fimbo zilikuwa juu.

Miaka mingi baadaye nilisomea isimu, na sasa kazi yangu ni kuwafundisha wanafunzi wa chuo kikuu jinsi lugha zinavyokaribiana na zinavyotengana. Najua kwamba Kipokomo ni lugha ya Kibantu, jamaa wa karibu wa Kimijikenda na Kiswahili, ilhali Kiorma ni cha ukoo wa Kikushi, ndugu wa Kioromo cha Uhabeshi. Kiswahili ndicho daraja baina ya kingo hizo mbili. Lakini siku ile daraja lilikuwa fupi kwa yule kijana. Kila niikumbukapo mechi hiyo, humkumbuka pia mwalimu mwingine, Mwingereza, aliyekumbana na tatizo lilo hilo mbele ya dunia nzima, akalitafutia dawa.

Jina lake lilikuwa Ken Aston. Alizaliwa mjini Colchester tarehe 1 Septemba 1915, akashika kazi ya ualimu, na mwaka 1936 akahitimu kuwa mwamuzi wa kandanda. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alitumikia jeshi, akafika hadi Bara Hindi na kupata cheo cha Luteni Kanali. Vita vilipokwisha alirejea darasani na uwanjani, na baadaye akawa mwalimu mkuu wa shule ya Newbury Park huko Ilford. Hakuwa mtu wa kuridhika na mambo kwa kuwa tu ndivyo yalivyokuwa. Yeye ndiye aliyeanza, mwaka 1946, kuvaa sare nyeusi yenye ukingo mweupe ambayo waamuzi wa dunia waliivaa kwa miaka mingi. Mwaka uliofuata aliwapa washika vibendera wake vitambaa vya rangi kali, kwani ukungu wa Uingereza uliwafanya wasionekane. Tangu mapema, basi, alikuwa akishughulikia swali moja: mwamuzi ataonekanaje na kueleweka?

Swali hilo lilimgeukia likawa mwiba tarehe 2 Juni 1962 mjini Santiago, katika Kombe la Dunia. Chile walikutana na Italia huku nyongo zikiwa zimekwisha chemka, maana magazeti ya Italia yalikuwa yameuandika vibaya mji huo na watu wake. Katika dakika ya 8 Aston alimtoa Giorgio Ferrini wa Italia, naye akakataa kuondoka mpaka polisi walipoingia kumtoa. Leonel Sánchez wa Chile alimpiga Mtaliano ngumi hadharani, akabaki uwanjani. Mtaliano wa pili, Mario David, alitolewa kabla ya mapumziko. Chile walishinda 2-0, na mechi hiyo imebaki katika historia kwa jina la Vita vya Santiago. Aston alilaumiwa vikali, na sioni haja ya kumtetea: ngumi ile ilistahili adhabu. Hakuchezesha tena mechi ya Kombe la Dunia, ingawa mwaka uliofuata alipewa fainali ya Kombe la FA kati ya Manchester United na Leicester City.

Wengi wangaliishia hapo, wakijifariji kwa kuwalaumu wachezaji. Yeye aliingia katika kamati ya waamuzi ya FIFA. Tarehe 23 Julai 1966, uwanjani Wembley, aliona tena jambo lile lile kwa sura nyingine. Mwamuzi Rudolf Kreitlein, Mjerumani asiyejua Kihispania, alimtoa nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, asiyejua Kijerumani. Rattín alidai mkalimani, akagoma kutoka kwa dakika kadhaa, na ikambidi Aston ashuke kutoka jukwaani kuja kusuluhisha. Kilichofuata kilikuwa kioja zaidi: magazeti yaliripoti kwamba ndugu wawili wa Uingereza, Bobby na Jack Charlton, walikuwa wameonywa na mwamuzi, ilhali wenyewe hawakuwa na habari.

Inasimuliwa kwamba Aston aliyatafakari hayo akiwa garini njiani kurudi nyumbani, na katika barabara ya Kensington High Street taa za barabarani zikamsimamisha. Manjano: tahadhari. Nyekundu: simama. Humo akaona lugha ambayo haihitaji mkalimani. Kadi za manjano na nyekundu zilitumika mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970.

Mimi nilizijua kadi hizo kabla sijaona taa za barabarani. Siku ya kwanza nilipofika Nairobi, nilishangaa kuiona kadi nyekundu ikiwaka juu ya mlingoti. Wanafunzi wangu huwaeleza kwamba hivyo ndivyo ishara zilivyo: hazina maana kwa asili yake, bali kwa makubaliano ya watu. Aston hakubuni adhabu mpya, kwani kuonya na kutoa vilikuwapo. Alichofanya ni kuiondoa hukumu katika sikio la mtu mmoja na kuiweka mbele ya macho ya wote kwa mara moja.

Hata hivyo, ishara iliyo wazi si lazima iwe ya kweli. Tarehe 18 Juni 1974, katika mechi ya Zaire na Yugoslavia huko Ujerumani Magharibi, mwamuzi Omar Delgado wa Kolombia alipigwa teke, akageuka na kumwonyesha Ndaye Mulamba kadi nyekundu. Aliyepiga teke alikuwa Mwepu Ilunga. Ndaye, aliyekuwa amefunga mabao 9 katika Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka huo huo, alitoka kwa kosa la mwenzake, na Zaire wakalazwa 9-0. Kadi ilieleweka na kila mtu, na ilikuwa ya uongo.

Lakini na sisi mashabiki tuna kadi zetu za uongo. Mnamo Januari 2022, Janny Sikazwe wa Zambia alipuliza kipenga cha mwisho kabla ya dakika 90 katika mechi ya Tunisia na Mali huko Kamerun. Alizomewa na kukejeliwa barani kote. Baadaye ilibainika kwamba jua kali lilikuwa limemwathiri akili na mwili. Sisi wa Garsen, tunaolijua jua, tulipaswa kuwa wa kwanza kumwelewa.

Aston aliaga dunia tarehe 23 Oktoba 2001. Hakuleta uamuzi usio na makosa; hakuna awezaye. Alileta uamuzi unaoonekana, na katika nchi ya lugha nyingi hiyo si neema ndogo. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, mapigano ya wakulima na wafugaji katika Tana Delta yaliua watu zaidi ya 100. Chanzo chake hakikuwa kandanda. Lakini palipo na majeraha ya aina hiyo, kipenga cha upendeleo, au kinachodhaniwa kuwa cha upendeleo, ni cheche katika nyasi kavu. Walimu mnaochezesha mechi za shule, wachagueni washika vibendera kutoka pande zote mbili, na sheria zisomwe kabla ya mpira kuwekwa kati, kwa kila lugha iliyopo uwanjani.

Yule mwalimu wetu alifanya hivyo. Mechi iliporudiwa, alikuja na vipande viwili vya kasha la sabuni, kimoja amekipaka manjano ya jikoni, kingine wino mwekundu wa kusahihishia madaftari. Aliwaonyesha manahodha wote wawili. Wa kwanza kuonyeshwa kipande cha manjano alikuwa kijana wa Kipokomo, mtu wa kwetu, na alistahili. Mwamba ngoma huivutia ngozi kwake, nasi tulitaka mwalimu atuvutie. Tulimzomea mpaka sauti zikatukauka, nami nilikuwa miongoni mwa waliozomea. Mechi ile ilichezwa hadi mwisho.