Hermann Muller, mtu aliyetufundisha adabu ya eksirei

Ndugu zangu, kazi yangu mimi ni kupiga picha za eksirei hapa Maskati, na kina mama huniuliza sana: mbona wewe unajificha nyuma ya ukuta? Jibu lake lina jina la mtu, naye ni Hermann Muller.

Alizaliwa New York mwaka 1890. Akasoma Chuo Kikuu cha Columbia, kwenye kundi la Thomas Hunt Morgan lililochunguza urithi kwa nzi wadogo wa matunda, wale wanaozunguka ndizi zilizoiva.

Mwaka 1926, akiwa Texas, Muller aliwapiga nzi madume eksirei kisha akawazalisha. Basi vizazi vyao vikatoka na kasoro, na wengine hawakuishi kabisa. Mabadiliko ya urithi yalizidi ya kawaida kwa zaidi ya mara 100. Mwaka 1927 akatangaza habari hiyo mjini Berlin.

Leo tunajua kinachotokea. Mionzi huingia mpaka kwenye kiini cha seli, ikakata nyuzi za DNA. Protini za mwili hukimbilia kuunga palipokatika, na mara nyingi hufaulu. Uzi ukiungwa vibaya, kosa hubaki, na baada ya miaka laweza kuleta saratani. Likiwa kwenye mbegu za uzazi, kama kwa wale nzi, laweza kurithiwa.

Maisha yake hayakuwa mepesi. Mwaka 1933 alihamia Urusi ya Kisovieti, akagongana na kundi la Lysenko lililoikana elimu ya jeni. Aliondoka 1937, baadhi ya wenzake waliobaki waliuawa au kufia jela.

Nobel aliipata 1946, mwaka mmoja baada ya Hiroshima na Nagasaki. Sifa hiyo akaitumia kuwaonya madaktari waliopiga eksirei ovyo. Mwaka 1955 alitia saini pamoja na Einstein na Bertrand Russell tamko kuhusu hatari ya silaha za nyuklia. Alifariki 1967.

Muller hakutaka eksirei iachwe. Mfupa ukivunjika, picha ni lazima, na faida yake yashinda madhara. Alitaka kila dozi iwe na sababu. Basi dada, ukiwa mjamzito, au hata ukishuku tu, mwambie mpiga picha kabla hujapanda kitandani. Na daktari akikuandikia picha ya pili, muulize kwa upole kama ile ya kwanza haitoshi. Ni haki yako.